Somo la Maji Katika Mji wa Shaba

Asubuhi yangu ya kwanza kazini sikupewa mzani, wala kemikali, wala kalamu. Nilipewa sabuni. Mkuu wa maabara, ambaye sote tulimwita Chef Labo, alinipokea mlangoni mwa kiwanda hapa Kolwezi, akanipeleka hadi kwenye beseni lililojaa vyombo vya kioo. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye mifuko. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu Lubumbashi na diploma ya kemia, mwanamke wa kwanza kuingia katika maabara ile, na nilikuwa nimevaa viatu vyangu vizuri kuliko vyote.

Nikaosha. Saa moja baadaye akaja, akanyanyua gilasi moja.

"Mama, hii iko safi?"

"Iko safi, Chef."

Akaimwagia maji ndani, akaigeuza. Matone madogo yakabaki yameng'ang'ania kwenye kuta zake.

"Unaona hii matone? Kama kioo iko safi, mayi inateremuka yote pamoja, haikamate. Hapa kuko mafuta ya jana. Ile shaba utapima leo, utapima na ya jana ndani. Rudilia."

Nilirudia kuosha kwa wiki mbili. Nyumbani nililia kidogo, nawaambia ukweli, kwa sababu mama yangu alikuwa amewatangazia majirani wote wa mtaa wetu wa Manika kwamba binti yake amekuwa mkemia. Wiki ya tatu Chef Labo alinipa bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye mistari unaodondosha dawa tone kwa tone, akasimama nyuma yangu. Shaba tuliipima hivi: unayeyusha unga wa jiwe kwa asidi, unatia dawa, maji yanageuka ya kahawia; unadondosha dawa ya pili hadi kahawia ififie, unatia wanga kidogo, yote yanakuwa buluu. Kisha unaendelea tone kwa tone, na kwenye tone moja buluu inatoweka ghafla, inabaki rangi ya maziwa. Unasoma mstari, unaandika. Nilipoona buluu ile ikipotea mara ya kwanza kwa mkono wangu, nilisahau habari za sabuni.

Miaka mingi ilipita katika kazi hiyo. Kila saa mtumishi alileta chupa kutoka kwenye matangi ya povu, maana pale jiwe husagwa likawa tope, tope likapigwa hewa na dawa, na madini yakapanda juu yakielea kwenye povu huku mchanga ukibaki chini. Tulipima povu kujua tumepata shaba kiasi gani, na tulipima mchanga kujua tumepoteza kiasi gani. Wakuu wa kiwanda walipiga simu kila mara kuuliza namba zetu. Lakini maji yaliyotoka upande wa pili na kushuka bondeni, hakuna aliyetuletea chupa yake. Nami sikuuliza. Shuleni nilifundishwa kupima kile kinachotafutwa, na maji hayakuwa yakitafutwa na mtu.

Kilichonibadilisha ni safari ya Kisenge, mji wa mgodi karibu na mpaka wa Angola. Kampuni ilinituma huko kwa miezi sita ili nipime marundo ya manganizi, yale mawe meusi yanayotumika kutengenezea chuma, yaliyokuwa yamechimbwa zamani na kubaki hapo. Nilikuta mji mzima umesimama. Reli ya kwenda baharini kupitia Angola ilikuwa imekufa kwa sababu ya vita, na bila treni mawe hayakuwa na pa kwenda. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa zimepangwa vizuri, barabara zimenyooka, lakini wanaume waliovaa ovaroli walikaa barazani mchana kutwa. Mmoja alijua kuendesha winchi moja. Mwingine alijua kupanga mabehewa. Kila mtu alijua kitu kimoja, na kitu hicho hakikuhitajika tena.

Mkuu wa karakana, Tata Samutela, yaani Baba Samutela, ndiye aliyenipokea. Alinionyesha mashine kubwa ya kuponda mawe. Haikuwa imezunguka kwa miaka, lakini iling'aa.

"Kila siku ya kwanza ya juma minapakala mafuta," alisema. "Siku treni itarudia, haitanikuta na kutu."

"Na siku zingine, Tata?"

Akacheka, akanipeleka nyuma ya karakana. Pale alikuwa na vinu vitatu vya kusagia mihogo, vya mota, vilivyoletwa kutoka vijijini vikiwa vimevunjika. Vyuma vyake vya akiba alikuwa akivichonga mwenyewe. Kina mama walikuwa wakingoja na mabeseni yao.

"Hii hakuna muntu alinifundisha, Mama. Ku masomo balinifundisha machine moja tu. Wakati ilisimama, nilikaa miaka mbili ku nyumba, bibi yangu njo alikuwa analisha batoto yetu. Miaka mbili mizima ya kujua kama mikono yangu inaweza kazi ingine. Kama mwalimu angeniambia mbele, singepoteza ile miaka."

Nilimpenda mzee yule. Jioni alinisindikiza hadi nyumba ya wageni, tukazungumza juu ya chuma na mihogo. Lakini nilipotazama majirani zake barazani, niliogopa. Niliwaza Kolwezi. Niliwaza mimi mwenyewe: mkono wangu ulijua kufuta rangi ya buluu, basi.

Hofu hiyo haikuchelewa kunikuta. Kampuni ilipodhoofika, maabara ilipungua mtu mmoja baada ya mwingine, na Chef Labo akastaafu. Ndipo chuo kikuu kimoja cha hapa mjini kikatafuta msaidizi wa kufundisha somo jipya, Mazingira na Maendeleo Endelevu. Endelevu maana yake, kwa maneno yangu, ni kutumia kitu leo bila kumfungia njia anayekuja nyuma. Hakukuwa na aliyelitaka somo hilo, kwa hiyo nililipata mimi.

Chef wa idara alikuwa mjiolojia wa zamani, mrefu, mwenye sauti nzito, aliyebeba nyundo ya mawe katika mfuko wake hata siku za mkutano. Alinikaribisha hivi:

"Mama, hawa batoto banakuya hapa juu ya kutafuta kazi ku migodi. Baba zao baliwatuma juu ya ile. Weye utawafundisha majani na mayi. Sikatale, programu inaomba. Lakini usikamate masaa yangu ya jiolojia."

Alinipa Ijumaa saa nane, wakati wa joto kali, katika ukumbi ambao feni yake ilikuwa imekufa. Wanafunzi waliliita somo langu "cours ya majani", nami waliniita Mama Labo kwa kuwa nilitoka maabara. Nilifundisha kutoka kwenye daftari, nikawaeleza mabwawa ya kutuamisha, yaani madimbwi ambako maji machafu yanapumzishwa hadi tope lizame. Waliandika huku wakisinzia. Mbele kabisa alikaa Sylvain, mtoto wa dereva wa lori la mgodini, mwenye akili kuliko wote na mdomo kuliko wote. Siku moja alinyanyua mkono.

"Mama Labo, na heshima yote. Hii somo itanisaidia namna gani ku entretien, wakati bananihoji juu ya kazi? Bataniuliza kama ninajua kupanga malori. Habataniuliza majina ya bisamaki."

Darasa likacheka. Nami nilicheka, kwa sababu alikuwa na haki. Nilikuwa nawafundisha kama nilivyofundishwa, maneno bila mtu upande wa pili. Wiki iliyofuata niliomba basi la chuo, nikakopa kipima-uchachu, kifaa kidogo chenye namba kinachoonyesha kama maji ni chachu au la, namba ikishuka uchachu umezidi, nikawapeleka kwenye kijito kimoja upande wa Mutoshi.

Kandokando ya kijito kile kulikuwa na bustani za kina mama. Mkubwa wao alikuwa Mama Kapinga, mjane aliyetoka Kasai akiwa msichana, aliyelima lengalenga, yaani mchicha, na kabichi za kuuza sokoni. Juu kidogo kulikuwa na mtambo mdogo wa kuyeyusha shaba kwa asidi, ambao leo haupo tena. Niliwapanga wanafunzi kwa vikundi: wengine juu ya mtambo, wengine kwenye mfereji wake, wengine kwenye bustani. Juu ya mtambo maji yalikuwa ya kawaida. Kwenye mfereji, namba ilishuka hadi Sylvain akadhani kifaa kimeharibika. Kwenye bustani ilikuwa imepanda kidogo tu.

Mama Kapinga alikuwa amesimama na ndoo yake, akimtazama Sylvain aliyeshuka na kifaa hadi bustanini.

"Mutoto yangu," alimwambia, "unaona nini mu ile kintu?"

"Namba, Mama."

"Namba inasema nini? Hii mayi, nimwange ku jardin, ao niache? Majani ya kule chini inaungua kama ilipigwa na moto. Nilizani ni mimi sijue kulima tena."

Sylvain aliitazama namba, akaitazama ndoo. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na sikumsaidia. Katika masomo yake yote, mitihani yote aliyoongoza, hakuna mtu aliyewahi kumngoja hivyo na ndoo mkononi. Mwishowe akasema, "Uache kwanza, Mama. Si weye. Ni mayi. Tutarudia kukuelezea." Katika basi la kurudi hakufanya mzaha wowote.

Walirudi kweli, mara nne, bila kulazimishwa. Waliandika ripoti yenye ramani ya mkono, na Sylvain ndiye aliyeongeza ukurasa wa mwisho: shimo la chokaa kwenye mfereji, kwa sababu chokaa inaua uchachu, na shaba iliyoyeyuka inageuka tope na kuzama, baada yake bwawa dogo la kutuamisha. Ilikuwa kazi safi kuliko ripoti nyingi nilizoziona kiwandani.

Kabla haijatoka, mkurugenzi wa mtambo ule alimpigia simu chef wa idara. Aliomba ripoti ingoje. Na ilikuwa hivi: mtambo huohuo ulikuwa umemwahidi Sylvain nafasi ya stage, yaani mafunzo kazini, na kwa kijana wa Kolwezi stage ndiyo mlango wa kazi. Sylvain alikuja ofisini kwangu akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama, mutoe jina yangu."

"Namba ni za kweli, Sylvain?"

"Ni za kweli. Lakini baba macho yake haione vizuri tena, haendeshe. Mi njo mukubwa wa batoto."

Nilitamani kumwambia maneno makubwa. Nikakumbuka watoto wa Tata Samutela wakilishwa na mama yao miaka miwili. Nikachukua kalamu, nikalifuta jina lake mwenyewe akiona. Alitoka bila kuaga.

Kisha nikaenda kwa chef wa idara, nikiwa na hakika kwamba Ijumaa zangu zimekwisha. Alisoma kurasa zote polepole, nyundo yake ikiwa juu ya meza.

"Nani alipima?"

"Wanafunzi. Nami nilipima nyuma yao."

"Hii shimo ya chokaa, ni nani aliwaza?"

"Mwanafunzi mmoja ambaye ameomba asitajwe."

Akapitisha kidole penye jina lililofutwa. Alijua.

"Mama, mi nilipita miaka makumi tatu nikipiga majiwe. Nilizania somo yako ni ya kupitisha saa. Hapa batoto bamefanya jiolojia, kemia, na bameongea na bantu. Hata mimi sijawafundisha kuongea na bantu." Akatia saini. "Mukurugenzi akipiga tena simu, nitamuambia akuye asome hapa. Nitamupikia chai."

Ripoti ilipelekwa kwa wakaguzi wa mazingira na nakala kwa Mama Kapinga, ambaye hakujua kusoma Kifaransa lakini aliiweka ndani ya Biblia yake. Baada ya kuvutana kwa miezi mingi shimo la chokaa lilichimbwa. Na tangu hapo chef wa idara alinihamishia Jumanne asubuhi, saa yake mwenyewe ya jiolojia, na mara nyingi alipanda basi pamoja nasi.

Sylvain alipata stage yake, kisha kazi katika mgodi mkubwa upande wa Tenke, ya kupanga malori: lori gani lipakie wapi, limwage wapi. Alinunua nguo nzuri, akamtibu baba yake. Tulipokutana barabarani alinisalimia kwa adabu na kupita haraka. Miaka ikaenda. Halafu mgodi ukaleta mashine ya kompyuta inayopanga malori yenyewe, na ofisi yake nzima ikafungwa.

Alikuja nyumbani kwangu alasiri moja. Nilikuwa nachambua maharage. Alikaa kwenye kiti cha chini, mtu mzima mwenye watoto wawili.

"Mama, mi ninajua kupanga malori tu. Na sasa kompyuta inajua kunipita."

"Hujui kitu kingine?"

"Hapana."

"Mama Kapinga alikuuliza nini siku ile?"

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Aliniuliza kama amwange ao aache."

"Na weye ulijua kumujibu. Ulipima, ulirudi mara nne, ukachora shimo. Ile si kupanga malori. Kuya Jumanne, basi inatoka saa mbili."

Alikuja. Mwanzoni alisimama nyuma ya wanafunzi kama mtu aliyepotea njia. Jumanne ya tatu alikuwa akiwaeleza, kwa mdomo wake uleule, jinsi ya kukadiria chokaa. Nilichokiona kilinifurahisha: hesabu za malori hazikupotea. Mtu aliyepanga safari za malori mia anajua mtiririko ni nini, kitu kinaingia wapi, kinakaa muda gani, kinatoka wapi. Aliyatazama maji vivyo hivyo. Alirudi kusoma vyeti viwili vidogo, akaandika barua nyingi zisizojibiwa, na baada ya zaidi ya mwaka akapokelewa katika kampuni nyingine, idara ya kusafisha maji, akianzia chini. Sasa anaiongoza. Vijana wanaomwomba stage huwapeleka kwanza kwa majirani wa mtambo, kabla hajawaonyesha mashine.

Sitawadanganya, vijana mnaosoma haya. Somo langu halikumpa kila mtu kazi. Wako wenye diploma niliyoisaini ambao leo wanachimba na wenzao kwa koleo, na ninapowakuta sokoni nasikia uchungu. Lakini hata wao huniambia kwamba wanajua udongo gani wa kutoingia chini yake, na maji gani wasiwape watoto. Wengine wamekuwa walimu, mmoja anatengeneza sabuni, mmoja anasimamia miche ya miti ya kufunika vilima vya mchanga wa zamani, wengine wako migodini wanakofanya kazi ambazo nilipokuwa darasani hazikuwa na jina. Shaba na kobalti vinapanda na kushuka, makampuni yanakuja na kuondoka. Niliacha kuwauliza wanafunzi watakuwa nani. Niliwauliza wanajua kufanya nini ikiwa mlango ule utafungwa, na tulitumia masomo yetu kutafuta jibu.

Niliamua kustaafu siku moja ya kawaida, kwenye kijito. Nilikuwa nimepima, nimewasomea wanafunzi namba, nao wanaandika. Binti mmoja anayeitwa Nadège, mkimya, aliyekuwa mwaka wa pili tu, hakuandika. Alikuja karibu yangu, akaongea chini ili wengine wasisikie.

"Mama Labo, munisamehe. Hii appareil, mulipima na mayi ya kalibrasi asubuhi?"

Maji ya kalibrasi ni yale ambayo uchachu wake unajulikana tayari. Unaanza nayo ili kifaa kisikudanganye. Nilikuwa nimesahau. Baada ya miaka yote hiyo, nilikuwa nimesahau kabisa. Nikamkabidhi kifaa. Akakisafisha, akakiweka kwenye chupa ndogo ya maji yale, akangoja namba itulie, kisha akapiga magoti kwenye ukingo na kupima upya. Namba yake ilikuwa tofauti na yangu. Nilitazama mikono yake, na kifuani mwangu hamkuwa na aibu hata chembe. Mlikuwa na furaha tupu, kama ya mama anayeonjeshwa mboga na bintiye na kuikuta tamu kuliko yake.

Wenzake walikuwa wakituangalia, kalamu zikingoja.

"Futeni ile ya kwangu," niliwaambia. "Muandike ya Nadège."